Kupendekeza kipimo cha VVU katika kituo cha afya: mwongozo kwa wauguzi wa Lubumbashi

Katika vituo vya afya vya komini za Lubumbashi kama Katuba, Kenya, Ruashi au Kampemba, watu wanaokaa kwenye benchi tangu alfajiri wamekuja kwa homa, kikohozi, mimba, kidonda au mtoto anayeharisha, na ni nadra kumkuta kati yao aliyekuja kwa nia ya kupimwa virusi vya sida, yaani VVU. Kituo kinachongoja mgonjwa aombe kipimo mwenyewe kitawapima wenye ujasiri na wenye hofu kubwa, na kitawakosa wengine wote, wakiwemo wale ambao miili yao imeshaanza kuonyesha dalili. Ndiyo sababu mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani, pamoja na UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na sida, lilitoa mwongozo unaomtaka mhudumu wa afya aanzishe mwenyewe mazungumzo kuhusu kipimo, badala ya kumwachia mgonjwa mzigo huo. Maelezo yanayofuata yanawahusu wauguzi, wakunga na wahudumu wa labo wa ngazi ya kwanza: namna ya kulipanga pendekezo hilo liwe sehemu ya kawaida ya matibabu, na namna ya kulilinda lisigeuke kuwa amri.

Nani apendekezewe

Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2013-2014 ulikuta kwamba asilimia 1.2 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Kongo walikuwa na VVU. Kiwango hicho kiko chini sana ya asilimia 5, ambayo Shirika la Afya Duniani huitumia kama mpaka kati ya nchi zenye maambukizi mengi na zile zenye maambukizi machache. Kwa muuguzi, maana yake ni kwamba kumpima kila anayeingia mlangoni, bila kuchagua, kutamaliza akiba ya vipimo kabla ya mwezi kwisha na kuleta majibu machache yenye manufaa. Hata hivyo Lubumbashi haifanani na kila mji wa Kongo: barabara ya Kasumbalesa inatuunganisha na Zambia, ambako takribani mtu mmoja kati ya kila watu wazima kumi anaishi na VVU, na malori, wachimbaji na wafanyabiashara wa mpakani hupita humo kila siku. Kwa hiyo uchaguzi unahitajika, lakini wavu wenyewe uwe mpana kidogo kuliko ambavyo kitabu kingetaka.

Kundi la kwanza halina mjadala: kila mama mwenye mimba, katika ziara yake ya kwanza ya kliniki ya wajawazito. Bila hatua yoyote ya kinga, kati ya asilimia 15 na 45 ya watoto wanaozaliwa na kunyonyeshwa na mama mwenye VVU huambukizwa, na matibabu ya mama yanaweza kushusha hatari hiyo chini ya asilimia 5. Hakuna kipimo kingine cha kituo chetu chenye faida ya kiwango hicho kwa bei ya tone moja la damu. Mahali ambapo kipimo cha pamoja cha VVU na kaswende kinapatikana, kitumike kwanza, kwa kuwa kinatoa majibu mawili kwa kuchoma kidole mara moja.

Kundi la pili ni wagonjwa ambao ugonjwa wao wenyewe unauliza swali. Kila mwenye kifua kikuu, au anayeshukiwa kuwa nacho, apendekezewe kipimo. Vivyo hivyo kila mwenye ugonjwa wa zinaa, mwenye mkanda wa jeshi, mwenye utando mweupe mdomoni unaorudi, aliyekonda bila sababu, au aliyeharisha zaidi ya mwezi mmoja. Mtoto mwenye utapiamlo mkali asiyeongezeka uzito licha ya kulishwa vizuri asiachwe nje ya orodha hii, ingawa mara nyingi tunamsahau kwa sababu tunawatazama watu wazima tu. Baada ya hao wanakuja wenzi na watoto wa mtu ambaye tayari amejulikana kuwa na VVU, na wale ambao kazi au maisha yao huwaweka kwenye hatari kubwa: wanawake wanaouza ngono, wanaume wanaojamiiana na wanaume, wanaojidunga dawa za kulevya. Hawa wa mwisho huja kituoni kama wagonjwa wengine wote, na hawatakueleza maisha yao kama hujaonyesha kwamba unaweza kuyasikia bila kukunja uso.

Njia ya mgonjwa ndani ya kituo

Kabla ya kufikiria maneno ya kumwambia mgonjwa, tembea mwenyewe kutoka mapokezi hadi dawani na uangalie ni wapi watu wanaonana. Katika vituo vingi kuna chumba kimoja, mara nyingi mwishoni mwa korido, ambacho mtaa mzima unakijua kuwa ni cha sida. Mgonjwa anayetumwa huko kwa kipimo ameshatangazwa kabla hata hajachomwa kidole, na benchi nzima itakuwa imemhukumu atakapotoka. Ni heri kipimo kifanyike palepale kwenye chumba cha mashauri, na muuguzi yuleyule aliyemsikiliza, kwa kuwa kila mlango wa ziada ambao mgonjwa anapaswa kuuvuka ni nafasi ya yeye kupotea njiani kuelekea nyumbani. Kama labo ndiyo peke yake yenye vipimo, basi damu yote ya siku, ya malaria, ya hemoglobini na ya VVU, ipite kwa dirisha moja na kwa utaratibu mmoja.

Jambo dogo linaloharibu mengi ni kipimo chenyewe kinapoachwa mezani. Fikiria meza ya muuguzi saa nne asubuhi: kuna daftari, chupa ya alkoli, sanduku la sindano zilizotumika, na katikati vipande vitatu vya vipimo vimepangwa vikingoja dakika zao, kila kimoja kimeandikwa jina kwa kalamu ya buluu. Mgonjwa anayefuata anakaa, anainama kueleza tumbo lake, na macho yake yanasoma jina la jirani yake pamoja na mistari miwili iliyo wazi, yaani kipimo kilichoitikia virusi. Vipimo vinavyongoja viwekwe kwenye sinia nyuma ya muuguzi au ndani ya droo iliyoachwa wazi kidogo, viandikwe namba badala ya majina, na saa ya kuanza iandikwe kando ya kila namba. Vilevile, usibuni alama ya siri kwenye fishi, yaani kadi ya mgonjwa, kama nyota au herufi ya wino mwekundu. Siri ya namna hiyo hudumu wiki mbili. Wiki ya tatu hata mtoto anayeuza maji mlangoni anajua maana yake.

Maneno ya kupendekeza

Hapa ndipo sehemu kubwa ya kazi ilipo. Mgonjwa anayeulizwa kwa sauti ya mashaka, "Unataka kupima sida?", anasikia kwamba muuguzi amemwona kitu, au kwamba kupima ni jambo la watu wa namna fulani, na jibu rahisi kwake ni hapana. Anayeulizwa kwanza kuhusu idadi ya wapenzi wake anajifunga kabla hujafika kwenye kipimo. Pendekezo zuri huanza na sababu ya kiafya, hulitaja jambo kwa jina lake, huonyesha kwamba ni kawaida ya kituo, na huacha mlango wa kukataa ukiwa wazi kweli. Kwa mama mjamzito yatosha kusema: "Mama, hapa kila mama mwenye mimba tunampendekezea kipimo cha virusi vya sida na cha kaswende, ili tuweze kumlinda mtoto. Kipimo hakilipiwi, jibu linatoka leo, na ni siri yako. Ukiona hutaki, nitaendelea kukuhudumia vilevile. Nikupime sasa?"

Kwa mgonjwa mwenye dalili, sababu itoke kwenye ugonjwa wake: "Papa, mkanda wa jeshi hutokea kinga ya mwili inaposhuka. Sababu zake ni nyingi, na mojawapo ni virusi vya sida. Napendelea tuvipime leo, ili nikutibu nikijua ninachokitibu." Maneno hayo ni machache, na yanatosha. Ule ushauri nasaha mrefu wa kabla ya kipimo, ambao wengi wetu tulifundishwa zamani na ambao ulichukua nusu saa kwa kila mtu, hautakiwi tena. Shirika la Afya Duniani linapendekeza taarifa fupi kabla ya kipimo, na muda uliookolewa utumike baada ya jibu, hasa kwa yule ambaye jibu lake ni zito. Ridhaa ya mdomo inatosha, mradi imetolewa na mtu aliyeelewa anachokiridhia.

Kuna tabia moja inayopaswa kukomeshwa bila huruma. Karibu kila mwenye homa hapa huchomwa kidole kwa ajili ya malaria, na damu ikishakuwa kwenye kidole, kishawishi cha kudondosha tone la pili kwenye kipimo cha VVU bila kumwambia mgonjwa ni kikubwa, hasa pale ambapo zoni ya afya inadai idadi ya waliopimwa ifikie lengo la mwezi. Kumpima mtu bila yeye kujua ni kumvunjia haki yake, na Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 ilitungwa ili kulinda haki za watu wanaoishi na VVU na walioathirika. Mbali na sheria, kuna ugumu wa vitendo: ukipata mistari miwili kwa mtu ambaye hakuridhia, utaanzia wapi kumwambia? Tumia nafasi hiyohiyo ya kuchoma kidole, lakini uliza kwanza, kwa maneno yanayotenganisha vipimo viwili: "Hili tone ni la malaria. Ukikubali, tone lingine litakuwa la virusi vya sida."

Mgonjwa akikataa, muulize mara moja tu, kwa upole, kinachomzuia. Wengine wanataka kuzungumza na mume kwanza, wengine wanaogopa kusikia jibu wakiwa peke yao, wengine wana haraka ya kurudi sokoni. Jibu hilo likusaidie kupanga ziara ijayo, na kwenye fishi iandikwe kwamba kipimo kimeahirishwa, ili mwenzako wa zamu nyingine alipendekeze tena bila kuanza upya. Dawa zake za malaria asizicheleweshewe hata dakika moja kwa sababu amekataa. Mgonjwa akiona kwamba kukataa kumemgharimu, atamweleza dada yake, na dada yake hatakuja.

Usisahau kuuliza, kabla ya kumchoma, kama amewahi kupimwa na kama kuna dawa anazokunywa kila siku. Mjini kwetu kuna vyumba vya maombi ambavyo huwatangazia wagonjwa kwamba wamepona, kisha wagonjwa hao huenda kituo kingine kisichowajua ili kupata karatasi ya ushahidi. Mtu ambaye amekunywa dawa vizuri kwa muda mrefu anaweza, mara chache, kupata kipimo cha haraka kisichoitikia, kwa sababu vipimo hivi hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza dhidi ya virusi, na dawa huweza kuzipunguza. Akiondoka na jibu hilo, ataacha dawa, na virusi vitarudi. Aliye kwenye dawa hapimwi tena kwa kipimo cha haraka. Anachohitaji ni kipimo cha wingi wa virusi.

Kidole na dakika

Kwa ufundi wenyewe, yatosha kukumbusha mambo ambayo husababisha makosa. Choma upande wa ncha ya kidole cha kati au cha pete, acha alkoli ikauke kwanza, futa tone la kwanza na utumie la pili. Asubuhi za Juni na Julai mikono ya watu wa Lubumbashi ni baridi kama maji ya kisima, na kidole baridi hakitoi damu ya kutosha. Mwombe mgonjwa asugue viganja au avishikilie chini ya kwapa kwa muda, badala ya kumkamua mpaka tone lichanganyike na majimaji ya nyama. Kipimo cha Determine HIV-1/2, ambacho wengi wanakijua, kinahitaji mikrolita 50 za damu na tone la dawa yake, kisha kisomwe baada ya dakika 15 na kabla ya dakika 60. Aina nyingine zina dakika zao, na karatasi iliyo ndani ya boksi ndiyo hakimu, hata pale ambapo umezoea aina nyingine kwa miaka.

Vipimo vya akiba navyo vina joto lao: Determine hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 30. Katika stoo iliyoezekwa mabati bila dari, mchana wa Oktoba unaweza kupita nyuzi 30 bila mtu yeyote kugundua, na kipimo kilichoharibiwa na joto hakina harufu wala rangi ya kukuonya. Weka kipimajoto kwenye rafu, andika joto la mchana, na boksi zihamishiwe kwenye chumba chenye dari. Mstari wa udhibiti, ule unaoonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi, usipotokea, kipimo hicho hakina jibu lolote, hata kama mstari mwingine umeonekana; kitupwe na kingine kianzishwe.

Kwa nini kipimo kimoja hakitoshi

Wauguzi wengi wanajua kwamba mistari miwili kwenye kipimo cha kwanza bado haijamfanya mtu kuwa na VVU, lakini wachache wameonyeshwa hesabu yake, na bila hesabu sheria hiyo huonekana kama urasimu unaoweza kurukwa siku ya foleni. Chukua watu 1,000 mahali ambapo asilimia 1 wana virusi. Wenye virusi ni 10, wasio navyo ni 990. Tuseme kipimo kinawatambua wote 10, na kwa wasio na virusi kinakosea mara moja tu kati ya mia, jambo ambalo kwa kipimo chochote ni sifa nzuri. Asilimia 1 ya watu 990 ni karibu watu 10. Kwa hiyo mwisho wa siku utakuwa na watu 20 wenye mistari miwili, na nusu yao hawana virusi hata kidogo. Ukiwapa jibu palepale, utakuwa umevunja ndoa na kuzua misiba katika nyumba kumi bila sababu.

Kipimo cha pili, cha aina tofauti, kinawachuja wale kumi wa bure na kumwacha labda mmoja kwa kila watu 10,000 waliopimwa. Lakini hesabu hiyo inadhania kwamba makosa ya vipimo viwili hayahusiani, nayo mara nyingine huhusiana, kwa sababu damu ya mtu fulani inaweza kuvidanganya vyote viwili. Ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba nchi zote zihitaji vipimo vitatu vinavyoitikia, kwa mfuatano na vya aina tofauti, kabla ya kutamka kwamba mtu ana VVU. Aina zipi zitumike na kwa utaratibu upi ni uamuzi wa mpango wa kitaifa wa kupambana na sida, PNLS, na muuguzi asibadilishe mfuatano huo kwa sababu boksi moja limeisha. Boksi likiisha, mgonjwa apelekwe pale lilipo.

Kipimo cha kwanza kisipoitikia, kazi imekwisha na jibu ni kwamba virusi havikuonekana. Kikiitikia na cha pili kikakataa, rudia cha kwanza. Kikishikilia msimamo wake, au vipimo viwili vikiitikia na cha tatu kikakataa, jibu lina jina moja tu: halijathibitika. Mtu huyo haambiwi kwamba ana virusi wala kwamba hana. Anaelezwa kwamba damu yake haijasema wazi, na anapewa tarehe ya kurudi baada ya siku 14. Muda huo ni mgumu kwake, kwa hiyo mpe namba ya simu ya kituo na umweleze kwamba majibu ya namna hii mara nyingi hutokea kwa watu wasio na virusi.

Watoto wa chini ya miezi 18 wana njia yao. Kingamwili za mama hubaki kwenye damu ya mtoto kwa miezi mingi, hivyo kipimo cha haraka kikiitikia kinaweza kuwa kinamtaja mama tu. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hupimwa kwa kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe, katika wiki ya nne hadi ya sita, kwa matone ya damu ya kisigino yaliyokaushwa kwenye karatasi maalumu au kwa mashine iliyo karibu. Jibu la mwisho hutolewa mtoto akifikisha miezi 18, au miezi mitatu baada ya kuacha kunyonya, kutegemea lipi linakuja baadaye.

Kutoa jibu

Jibu la kutoonekana kwa virusi hutolewa kwa haraka na kwa uangalifu. Mwambie kwamba kipimo hakikuona virusi, kisha uulize kama kuna jambo lililotokea katika miezi mitatu iliyopita, kwani maambukizi mapya yanaweza kuwa hayajaonekana. Kama lilitokea ndani ya saa 72 zilizopita, iwe kondomu iliyopasuka, sindano iliyomchoma muuguzi au ubakaji, acha mengine yote: mtu huyo anahitaji dawa za kinga za siku 28, na kila saa inayopita inapunguza nguvu ya dawa hizo. Kituo kisicho na dawa hizo kijue tangu leo, kabla hajaja mtu, ni hospitali gani inazo, na namba ya simu ibandikwe ukutani kwenye chumba cha mashauri.

Jibu la kuwa na virusi lisemwe kwa sentensi moja isiyo na mzunguko: "Vipimo vyote vitatu vinaonyesha kwamba una virusi vya sida." Kisha nyamaza. Ukimya huo humsumbua muuguzi kuliko mgonjwa, na wengi huujaza kwa maelezo ambayo hakuna anayeyasikia. Subiri aseme au aulize. Baada ya hapo mambo matatu yanatosha kwa siku ya kwanza: kwamba dawa zipo na kwa wengi ni kidonge kimoja kwa siku, kwamba anayeimeza vizuri hadi virusi visionekane tena kwenye damu hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono, na kwamba matibabu yanaanza sasa. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mwenye VVU aanze dawa bila kungoja kinga ishuke, na tangu 2017 kwamba aanze ndani ya siku 7, hata siku hiyohiyo akiwa tayari. Kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, vipimo virudiwe kwa damu mpya, na ikiwezekana na mhudumu mwingine. Majina yaliyobadilishana kwenye meza yenye shughuli nyingi hugunduliwa kwa njia hii tu. Mwenye maumivu makali ya kichwa, shingo ngumu au kuchanganyikiwa asianzishiwe dawa kituoni, bali apelekwe hospitali siku hiyo, kwa sababu uambukizo wa utando wa ubongo hutibiwa kwanza.

Kama kituo chako hakina dawa, karatasi ya rufaa peke yake haitafika. Piga simu huko anakokwenda ukiwa naye, mtajie jina la atakayempokea, na kama kuna mtu anayeishi na VVU aliyefundishwa kuwasindikiza wengine, mwombe aende naye. Baada ya siku tatu piga tena kuuliza kama alifika.

Wenzi, wachungaji na waajiri

Mume au mke wa mtu aliyepatikana na virusi anahitaji kipimo kuliko karibu mtu mwingine yeyote mjini, lakini kumfikia kunaweza kumponza aliyekuamini. Kwanza muulize mama faraghani kama mume wake amewahi kumpiga au kumtishia kumfukuza. Akijibu ndiyo, usimsukume. Jenga mpango polepole na umlinde. Pasipo hatari, mpe uchaguzi: amwambie mwenyewe, waje pamoja na wewe useme, au umwalike mume bila kumtaja mtu. Kwa mume dereva ambaye hukaa Kasumbalesa wiki nzima, kipimo cha kujipima mwenyewe ambacho mke humpelekea nyumbani mara nyingi hufika pale ambapo mwaliko wa kituo haufiki. Shirika la Afya Duniani limekipendekeza tangu 2016. Mweleze mke vizuri kwamba kikiitikia bado si jibu la mwisho, na kwamba mume aje kituoni kwa vipimo kamili.

Mchungaji anayetaka karatasi ya vipimo kabla ya kufungisha ndoa, na mwajiri anayetaka majibu ya mfanyakazi wake, wote hujibiwa kwa namna moja: majibu hupewa mwenye damu. Wachumba wapokelewe pamoja, wapimwe wakiridhia, na kila mmoja aulizwe peke yake kama anataka jibu lake lisomwe mbele ya mwenzake. Wanachompelekea mchungaji baadaye ni shauri lao.

Daftari la mwezi

Mwisho wa mwezi, mbali na idadi ya waliopimwa ambayo zoni ya afya huitaka, hesabu safu nne kwa ajili ya kituo chenyewe: waliopendekezewa, waliokubali, waliothibitika kuwa na virusi, na walioanza dawa. Kisha zigawe kwa zamu na kwa chumba. Kama zamu ya Jumatatu ina waliokataa wengi kuliko zamu nyingine zote, kaa nyuma ya chumba hicho Jumatatu inayofuata usikilize ni maneno gani yanatumika. Kama waliopendekezewa ni akina mama wajawazito tu, wenye kifua kikuu wanapita bila kuulizwa, na ni daftari lao litakalokuonyesha majina ya kuwaita. Kama kuna pengo kati ya waliothibitika na walioanza dawa, andika jina la kila aliyekosekana kwenye karatasi inayofungiwa kabatini, na mpangie mhudumu mmoja, anayejulikana, wa kumtafuta kabla ya mwezi unaofuata kuanza.